Kundi la Jumamosi kwa watoto waliovuka Ruvuma: jinsi ya kulianzisha Mtwara na likadumu

Swali ni lilelile, anayebadilika ni muulizaji tu: "Mtaani kwetu kuna watoto waliotoka Msumbiji, nataka kuwasaidia masomo. Nianzie wapi?" Anauliza mwalimu mstaafu wa Ligula, anauliza kijana wa chuo cha ualimu, anauliza mama wa kikoba ambaye jirani yake amepokea wajukuu wanne kwa mpigo. Badala ya kumjibu kila mmoja kwa simu, nimeandika yote hapa. Chukua, badilisha unachotaka, ila palipoandikwa ANGALIA usiparuke.

Kwanza tuelewane ni mtoto gani ninayemzungumzia. Vurugu za Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, zilianza mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na mji wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021 familia nyingi zilikimbia, baadhi zikavuka mto Ruvuma kuja upande huu wa Tanzania. Kwa wazee wa kusini hili si geni. Miaka ya 1960, Wamsumbiji walipokuwa wakipigana na Wareno, Rutamba kule Lindi ilikuwa makazi ya wakimbizi. Kigoma, kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, watoto wamekuwa na shule zao humohumo kambini wakifuata mitaala ya kwao, ya Burundi na ya Kongo. Mtoto ninayemsema mimi yuko pengine kabisa. Anakaa kwa shangazi yake Magomeni au Chuno, hapa Mtwara mjini, ameandikishwa shule ya msingi ya serikali, anavaa sare kama wenzake, anafundishwa kwa Kiswahili kutwa nzima, na hakuna aliyemuuliza kule alikotoka alifika wapi. Ndiyo maana miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya kambini haitufai sana huku.

Na hili kundi si tuisheni. Tuisheni inamkimbiza mtoto amalize mada. Hapa tunataka mtoto awe na mtu mzima mmoja anayemjua vizuri, anayemkuta palepale saa ileile, wiki hadi wiki, muhula mzima. Masomo tunayajenga juu ya hilo. Mengine yote yakikushinda ukabaki na hilo moja, bado kazi imefanyika.

UWE NA NINI KABLA YA KUANZA

Watu wazima watatu. Wawili wawepo kila Jumamosi, wa tatu wa akiba, maana harusi na misiba haina ratiba.

Mahali pa wazi: kibaraza cha ofisi ya mtaa, darasa la shule ya jirani, ukumbi wa parokia au wa madrasa. Sebuleni kwako hapana, hata kama ni pazuri.

Ubao (plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi inatosha), chaki, penseli, madaftari, na vitabu vya kiada vya darasa la kwanza hadi la tatu. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania unaweza kuvisoma bure kwenye maktaba mtandao yao, hata kwa simu.

Fedha ya uji ya muhula mzima, iwe mkononi. Kilo moja ya unga kwa lita kumi za maji inatoa vikombe thelathini hivi, kwa hiyo hesabu sukari na kuni zaidi kuliko unga. Kama ulichonacho kinatosha mwezi mmoja tu, anza na maji ya kunywa. Uji unaokatika katikati ya muhula unawaondoa watoto kuliko uji ambao haukuwahi kuwepo.

Daftari moja la mahudhurio: jina, darasa, mtaa, simu ya nyumbani. Basi.

HATUA

1. Piga hodi panapostahili.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha mwalimu mkuu wa shule wanayosoma watoto wengi, kisha afisa elimu kata. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ajue mpo, na namba yake uwe nayo kwenye simu kabla hujaihitaji. Usiende na maneno mengi. Karatasi moja: nani mnahusika, mnakutana wapi, saa ngapi, mnafanya nini.

Ukiulizwa kama jambo lenyewe linaruhusiwa, majibu yapo kwenye sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto, na imetaja waziwazi kuwa ukimbizi si sababu ya kumbagua.

ANGALIA: masuala ya nani anatambuliwa kuwa mkimbizi na nani bado, yako kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Si kazi yako. Usikusanye nakala za vitambulisho, usiweke safu ya uraia kwenye daftari, usimwahidi mtu kuwa kundi litamsaidia kupata karatasi. Ahadi hiyo ikishatoka, hurudi mara kumi zaidi ya ulivyoisema, na siku isipotimia watoto hawaji tena.

2. Kaa na waliowapokea.

Nenda nyumbani. Toa shikamoo, kaa mkekani, kunywa maji ukipewa. Mara nyingi mwenye nyumba ni bibi au shangazi, na ndiye atakayeamua kama mtoto anakuja au anabaki kuchota maji. Mwulize yeye akupangie saa, usimpelekee saa uliyokwisha kuipanga.

Utasikia mambo ambayo mgeni hayajui. Asubuhi ya Jumamosi na Jumapili ni ya madrasa kwa watoto wengi. Kwa nyumba za karibu na bahari kuna bamvua: maji yakitoka sana, wasichana wanashuka pwani kutafuta pweza na chaza na mama zao, na hapo hata ungekuwa unagawa biskuti hawaji. Msimu wa korosho, kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Desemba, kuna kuokota. Likizo za Juni na Desemba kuna jando na unyago. Ukiijua kalenda hii hutalalamika kuwa watu hawa hawapendi elimu. Utasogeza tu saa. Makundi mengi ya mjini yanaishia kwenye saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, na mimi naona ndiyo saa nzuri.

3. Changanya watoto.

Kundi la wageni watupu ni kosa ambalo waanzilishi wengi hulifanya kwa nia njema. Linawatia alama. Wiki ya pili tu mtaa mzima utaliita "la Wamsumbiji", na watoto wa pale watauliza kwa nini wenzao wanapewa madaftari na wao hawapewi, na wana haki ya kuuliza. Chukua nusu kwa nusu. Kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha kuanzia. Wale wa mtaani uwachague kati ya wanaohangaika na kusoma, usiwaite vinara wa darasa.

4. Pima bila kuita mtihani.

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote, kwa hiyo nenda nayo polepole.

Mtoto aliyepita shule ya Msumbiji kafundishwa herufi na tarakimu kwa njia ya Kireno. Ukimsomea imla ya Kiswahili ataandika "xule" akikusudia shule, "nhumba" akikusudia nyumba, "caca" akikusudia kaka. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia hana muda wa kufikiri. Anaona makosa matupu, anamrudisha darasa la kwanza akae na watoto wa miaka sita. Kumbe anajua kusoma na kuandika. Kinachomkwamisha ni jinsi ya kuandika sauti tatu nne. Kule x inasomwa kama sh yetu, ndiyo maana mji wa Xai-Xai unatamkwa Shai-Shai. Mwandikie herufi hizo kwenye kipande cha karatasi, zile za kule upande mmoja na zetu upande wa pili, ajibandikie ndani ya daftari. Wengi hawaihitaji tena baada ya wiki chache.

Hesabu vivyo hivyo. Mpe 84 gawanya kwa 4. Ataandika 84, atachora mstari wa wima, ataweka 4 kulia, chini yake mstari mwingine, kisha jibu, 21, chini ya ile 4. Kwa macho yetu amepindua kila kitu. Jibu ni sahihi. Nukta ya desimali kwake ni mkato: 3,5 ni tatu nukta tano. Saba ataikata mstari katikati, na moja yake ina mkia juu unaoifanya ifanane na saba yetu. Kabla hujaweka alama ya kosa, mwambie akueleze alivyofanya.

Na akija na ripoti ya shule ya kule yenye 14, usigune. Kule wanasahihisha kwa 20.

Wale wanaosema Kimwani, lugha ya pwani ya Cabo Delgado, watakuchanganya kwa namna nyingine. Lugha yao iko karibu sana na Kiswahili, watazungumza nawe vizuri tangu siku ya kwanza, nawe utadhani hawana shida. Fungua kitabu ndipo utaona. Wanaosema Kimakonde kwa kawaida watapata wenyeji wa kuwatafsiria mtaani, Wamakua vilevile. Usiwakataze. Mtoto akimweleza mwenzake kugawanya kwa Kimakonde, hesabu imeeleweka.

Vitu vya kupimia: kadi za silabi, aya fupi ya kusoma kwa sauti, hesabu sita za ngazi tofauti, na mchoro wowote anaoutaka yeye. Kaa naye pembeni, mbele ya macho ya wengine, dakika kumi na tano. Andika anachoweza. Asichoweza kitajionyesha chenyewe.

5. Mpe kila mtoto kaka au dada mmoja.

Hapa ndipo kundi linapotofautiana na tuisheni. Tafuta vijana: wanachuo wa ualimu, waliomaliza kidato cha nne au cha sita wanaosubiri matokeo, wauguzi vijana, hata fundi cherehani mwenye subira. Mmoja kwa watoto wanne, asizidishe. Mwanachuo mpe kipaumbele kama yuko mwaka wa kwanza, maana wa mwaka wa mwisho atakuachia kundi ukiwa ndiyo kwanza umezoea.

Kazi yake ni ndogo na haibadiliki. Afike kabla ya watoto. Amsalimie kila mmoja kwa jina. Amuulize swali moja la wiki iliyopita ("lile jino limeng'oka?"). Asome naye, afanye naye hesabu, aandike mistari miwili kwenye daftari la mtoto. Asiyefika bila taarifa mara mbili, mshukuru, mwache. Najua ni kali. Lakini mtoto ambaye watu wazima wake wametawanyika mara moja anahesabu nani anarudi na nani harudi, na hesabu hiyo haikosei.

Kabla hajaanza, mweleze haya, na umsainishe:

Hakuna kukaa na mtoto peke yenu penye mlango uliofungwa. Hakuna kumpakia bodaboda kumpeleka popote. Hakuna zawadi ya siri, hakuna kumpigia mtoto simu usiku. Hakuna fimbo, hata ya utani. Hakuna picha ya sura ya mtoto kwenye simu ya mtu. Hawa ni watoto ambao huenda wana ndugu bado wako kule, na wewe hujui nani anaangalia.

ANGALIA: usimuulize mtoto aliona nini huko alikotoka. Wala usimpe kazi ya kuandika insha ya "safari yangu". Akisema mwenyewe, msikilize, mjibu kwa upole, usimchimbe, na usiisimulie kwa wengine kama habari. Ukiona mtoto halali, anashtuka kila kishindo, au anajitenga wiki hadi wiki, zungumza na mlezi wake halafu na afisa ustawi wa jamii. Ukisikia kuwa anapigwa, anaguswa vibaya au kuna mpango wa kumwoza, usifanye upelelezi: piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

6. Ratiba ya saa mbili, isiyobadilika.

Dakika kumi za mchezo nje: rede, kombolela, chochote. Nusu saa kusoma. Uji. Nusu saa hesabu. Kisha, kwa muda unaobaki, "saa ya mikono", ambayo nitaieleza hapo chini. Mwisho kitendawili kimoja cha kurudi nacho nyumbani, jibu wiki ijayo. Hicho kitendawili ndicho kinachowarudisha wengi, kuliko uji.

7. Saa ya mikono, na kutoka nje.

Mtoto anayeshindwa Kiswahili cha darasani kutwa, siku tano kwa wiki, anahitaji mahali ambapo yeye ndiye anayeweza. Bao. Kusuka ukili. Kuchonga: uchongaji wa Kimakonde uko pande zote mbili za mto, na si ajabu ukakuta babu wa mtoto ni mchongaji. Mwalike aje na patasi yake, awaonyeshe jinsi anavyoisoma nyuzi ya mti kabla ya kukata. Ngoma pia, kwa kiasi.

Safari moja kwa muhula inatosha. Mikindani ni karibu na daladala ni za kutosha. Kuna Boma la Wajerumani lililojengwa 1895, na ndiyo bandari ambayo David Livingstone aliteremkia 1866 akianza safari yake ya mwisho bara. Ila watoto, nikuambie ukweli, watapenda zaidi kumtazama fundi wa majahazi. Wape kamba na daftari wapime urefu wa ubao, wakadirie misumari, waandike. Hiyo ni hesabu ya wiki nzima. Maktaba ya mkoa nayo ni safari, hasa kwa mtoto ambaye hajawahi kuchagua kitabu mwenyewe.

ANGALIA: ruhusa ya mlezi iwe ya maandishi au alama ya kidole, kwa kila safari. Na pwani hakuna kuogelea. Hata wanaojua.

8. Rudi shuleni.

Mara moja kwa mwezi mpitie mwalimu wa darasa, ukiwa na daftari la mtoto mkononi. Si kumfundisha kazi. Mwonyeshe ile karatasi ya herufi na ile njia ya kugawanya. Walimu wengi hufurahi, hawakuwa wameambiwa.

Uliza pia kama mtoto ameingizwa kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa taarifa za wanafunzi, na ana namba. Bila hiyo hatasajiliwa kwenye upimaji wa darasa la nne wala mtihani wa darasa la saba, ambao hufanyika Septemba. Jambo hili lisisubiri mwaka wa mtihani. Kama hana cheti cha kuzaliwa, nenda na mlezi wake kwa mtendaji mwombe barua, kisha mwalimu mkuu aseme kinachowezekana. Mkubwa kwa umri ambaye hakuwahi kusoma, ulizia darasa la MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa) kabla hujakubali apangwe na watoto wa miaka saba.

MATATIZO YANAYOULIZWA SANA

Wavulana wa miaka kumi na nne wameacha kuja. Wamepata kibarua bandarini, sokoni au shambani. Usiwahubirie. Wahamishie saa ya jioni, waache wachague hesabu ya fedha: mzani, faida, chenji. Mmoja akirudi anarudi na wenzake.

Watoto wa mtaani wanawaita wenzao majina. Simamisha hapohapo, kwa sauti ya kawaida, bila mkutano. Kisha wiki hiyo panga jozi za kazi: anayetania akae na aliyetaniwa, kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza peke yake. Ikiendelea, nenda kwa mzazi.

Mtoto hasemi kabisa. Mwache. Mpe kazi isiyohitaji maneno, kugawa vikombe au kufuta ubao, na kaka au dada yake wa kundi aendelee kumsalimia kwa jina. Kuna lugha mpya anaisikiliza. Akimaliza muhula mzima bila kusema hata na wenzake, hapo mwone ustawi wa jamii.

Mlezi anadai posho. Anadhani nyuma yenu kuna mfadhili. Mwonyeshe daftari la matumizi, unga na chaki. Mkaribishe aje kupika uji Jumamosi moja. Akishaona sufuria, maneno huisha.

Mgeni amejitokeza na vitu vya kugawa, anataka watoto wapange foleni wapigwe picha. Mshukuru, mwombe vitu viende kwa kundi zima bila kamera. Akikataa, akae navyo.

Familia imehama ghafla. Itatokea, wengine wanarudi kwao hali ikitulia, wengine wanapelekwa kwingine. Ukipata hata siku moja ya kujua, mpe mtoto daftari lake na ile karatasi ya herufi, kwa sababu akirudi Msumbiji ataihitaji kwa upande wa pili.

Kaka au dada wa kundi anaondoka. Aseme wiki tatu kabla, mbele ya watoto wake wanne, aeleze anakwenda wapi. Anayempokea aje wiki hizo zote tatu akae naye pembeni, ya mwisho aongoze yeye. Madaftari ya watoto yabaki kwenye kundi, na namba za simu za walezi azifute kwenye simu yake.